Tovuti tuli: Ufundi wa ndani ya kompyuta unaopunguza mzigo wa intaneti Kilimanjaro

MWEZI Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilizindua huduma ya intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, kilichopo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari katika njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro. Desemba mwaka huohuo, Nape Nnauye, wakati huo akiwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, alitangaza akiwa Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwamba huduma hiyo imefika juu kabisa.

Tukio hilo lilipata nafasi katika vyombo vya habari vya nchi nyingi. Hata hivyo, kwa wakazi wa Moshi mjini na wa vijiji vya Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, kufika kwa mawimbi ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni uzito wa kile kinachopitishwa katika mawimbi hayo, na nusu hiyo huamuliwa na mtu ambaye mtumiaji hamwoni: fundi aliyeitengeneza tovuti.

Hesabu ndogo inatosha kulionyesha hilo. Ukurasa wenye uzito wa megabaiti 3, uzito ambao si wa ajabu kwa tovuti za leo, ukipita katika mawasiliano ya kilobiti 400 kwa sekunde, kama inavyoweza kutokea mawimbi yanapokuwa hafifu, huchukua dakika nzima kufunguka. Ukurasa wa kilobaiti 60 wenye maneno yaleyale huchukua sekunde moja na kidogo. Aliyenunua kifurushi cha megabaiti 100 atafungua kurasa 33 za aina ya kwanza na kifurushi kitakuwa kimekwisha. Za aina ya pili atafungua zaidi ya 1,600.

Njia mojawapo ya kupata ukurasa wa aina ya pili, na kuutoa katika kompyuta ya bei ndogo, ni ile inayoitwa tovuti tuli.

Kazi inayofanywa mara moja

Tovuti tuli ni ile ambayo kurasa zake zimekwisha kuandikwa na kuhifadhiwa kama mafaili kamili kabla msomaji hajaziomba. Msomaji anapobofya, seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, hulitafuta faili na kulituma kama lilivyo.

Tovuti badilifu hufanya vingine. Kila anapoingia msomaji, seva huendesha programu, programu huuliza hifadhidata, hukusanya vipande, huvipanga na kuuandika ukurasa upya, ndipo huutuma. Msomaji wa pili akiomba ukurasa uleule baada ya dakika moja, kazi yote hurudiwa. WordPress, programu iliyotolewa mwaka 2003 na ambayo leo inaendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani, imejengwa kwa mtindo huo juu ya lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL. Zipo mbinu za kuhifadhi nakala ya ukurasa ili kazi isirudiwe, lakini mbinu hizo, kwa hakika, ni njia ndefu ya kuirudia tovuti tuli.

Moshi ni makao ya kampuni nyingi za kupandisha watalii mlimani, na kwa nyingi kati ya hizo tovuti ndiyo duka lenyewe, kwa kuwa mteja yupo Ulaya au Marekani na hajawahi kuiona ofisi. Duka hilo lina nini ndani? Njia za Marangu, Machame, Rongai, Lemosho na Umbwe, idadi ya siku kwa kila njia, bei, orodha ya nguo za baridi, picha. Habari hizo hubadilika mara chache kwa mwaka, kwani mlima hauhami. Kuiamuru kompyuta izitunge upya kila mara mtu anapobisha hodi ni kumchosha mpishi kwa kumtaka apike sufuria nzima kwa kila sahani.

Hata bei za kahawa zinaingia katika kundi hilo. Kwa miaka mingi mnada wa kahawa ulifanyika mjini Moshi mara moja kwa wiki wakati wa msimu. Jedwali la bei za mnada wa namna hiyo linaweza kuandikwa mara moja mnada unapokwisha, likasomwa na maelfu ya wakulima hadi wiki inayofuata bila seva kupiga hesabu nyingine yoyote.

Wenyeji wa mlima huo wana mfano wao wa zamani. Mifereji ya asili ya Wachaga, iitwayo mifongo, ambayo wageni kutoka Ulaya waliofika huko katika karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi, huchukua maji ya mito ya juu na kuyateremsha hadi mashambani. Mahali pengine usiku, watu wanapolala, maji hukusanywa katika mabwawa madogo, na mchana hufunguliwa kwa zamu. Kazi ngumu ya kuchimba na kujaza hutangulia; anayefika asubuhi na jembe lake hufungua tu. Ndivyo tovuti tuli inavyofanya kwa kurasa.

Ndani ya seva

Ili kuelewa kwa nini kutuma faili ni rahisi kuliko kutunga ukurasa, ni lazima kushuka hadi kwenye kile ambacho mafundi hukiita uprogramu wa ngazi ya chini: uandishi wa programu zinazoshughulika moja kwa moja na kumbukumbu ya kompyuta, diski na nyaya za mtandao, na ambazo programu nyingine zote husimama juu yake.

Lugha mashuhuri ya kazi hiyo ni C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 mfumo endeshi wa Unix uliandikwa upya kwa lugha hiyo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki, alitangaza Linux, mfumo unaofuata nyayo za Unix. Kiini chake, yaani keneli, ndicho kinachoendesha leo seva nyingi za intaneti na pia simu za Android.

Programu ya seva haigusi vifaa yenyewe. Huiomba keneli. Kwanza huomba soketi, ambayo ni mlango wa mawasiliano, kisha huifungamanisha na namba, kwa kawaida 80 au 443, halafu husikiliza. Mgeni akija, hupokelewa, ombi lake husomwa, faili hufunguliwa, hutumwa, na mlango wa mgeni hufungwa. Mwanafunzi aliyeiva katika lugha ya C anaweza kuiandika seva ya namna hiyo kwa mistari isiyofika 200, na hakuna zoezi linalomfunza haraka zaidi kinachotokea nyuma ya kioo cha simu.

Hapo ndipo gharama huonekana. Kwa njia ya kawaida, maneno ya ukurasa hutolewa kwenye diski na kuwekwa katika kumbukumbu ya keneli, hunakiliwa kwenda kumbukumbu ya programu, hunakiliwa tena kurudi kwa keneli, ndipo yanapopelekwa kwenye kadi ya mtandao. Linux inao wito uitwao sendfile, ambao huiambia keneli ilichukue faili na kulitoa mlangoni bila kulipitisha mikononi mwa programu. Nakala mbili za katikati hufutika. Ukurasa unaotumwa kwa usimbaji, kama ilivyo kwa tovuti nyingi za leo, huhitaji msaada zaidi wa keneli ili kuipata njia hiyo ya mkato, lakini faida nyingine hubaki: faili linaloombwa mara kwa mara huwekwa na keneli katika kumbukumbu, na diski haiguswi tena.

Mtindo wa kuwapokea wageni nao una uzito wake. Seva za awali zilimtengea kila mgeni mchakato wake, kama hoteli inayomwajiri mhudumu mpya kwa kila meza. Mwaka 1999 mhandisi wa Marekani, Dan Kegel, aliuliza katika andiko lililosomwa sana ni kwa nini kompyuta moja isiweze kuhudumia wageni 10,000 kwa pamoja. Mojawapo ya majibu lilitoka Urusi mwaka 2004, pale Igor Sysoev alipoitoa kwa umma seva ya nginx, iliyoandikwa kwa C, ambamo michakato michache huwazungukia maelfu ya wageni, kila mmoja akihudumiwa anapokuwa tayari.

Jambo hili si la wahandisi wa kampuni kubwa pekee. Maana yake kwa mwenye ofisi ndogo Moshi ni kwamba kompyuta ya kukodi ya bei ya chini kabisa, ambayo ingelemewa na wageni wachache wa tovuti badilifu, inaweza kuihudumia tovuti tuli bila kutoka jasho.

Umbali haupunguzwi na fedha

Hadi mwaka 2009 Tanzania iliwasiliana na dunia ya intaneti hasa kwa satelaiti. Satelaiti za aina hiyo hukaa takriban kilomita 35,786 juu ya ikweta, hivyo ombi na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde njiani hata kama seva inajibu papo hapo. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulizinduliwa, ukiwa na kituo Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja ule wa EASSy. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza mwaka huohuo wa 2009, ukaipeleka nyuzi hiyo ya mwanga hadi mikoani.

Mkongo uliongeza upana wa njia, lakini umbali haukuufuta. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Ulaya, kilomita zipatazo 10,000 kwa njia ya baharini, kwenda na kurudi hakuwezi kupungua sehemu ya kumi ya sekunde, na hakuna kifurushi cha bei yoyote kinachoweza kulibadilisha hilo. Kabla neno la kwanza la ukurasa halijaonekana, simu huwa imekwisha kwenda na kurudi mara kadhaa: kuuliza anwani, kusalimiana na seva, kukubaliana juu ya usimbaji, kisha kuomba.

Seva nayo haimwagi kila kitu kwa mara moja. Pendekezo la kiufundi la mwaka 2013, ambalo limeenea, huiruhusu ianze kwa pakiti 10, takriban kilobaiti 14, na kusubiri jibu kabla ya kuongeza. Makala yenye urefu kama wa hii, ikibanwa, inaenea ndani ya kilobaiti hizo na nafasi inabaki. Kwa maneno mengine, ukurasa wa maandishi uliotengenezwa kwa uangalifu hufika wote katika safari ya kwanza. Ukurasa wa megabaiti 3 huhitaji safari nyingi, na kila safari hulipiwa kwa muda.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Siku kama hizo nakala ya tovuti iliyohifadhiwa ndani ya nchi huwa na thamani ya pekee, na kunakili tovuti tuli ni kunakili folda tu. Tovuti badilifu huhamishwa pamoja na hifadhidata, toleo sahihi la lugha, na mipangilio ambayo mara nyingi aliyeiweka alishaondoka kazini.

Umeme unapokatika katikati ya kuandika

Kuna suala jingine ambalo vitabu vya nchi zenye umeme wa uhakika hulipita haraka. Programu inapoandika faili, maneno hayaendi kwenye diski mara moja. Keneli huyashikilia katika kumbukumbu kwa muda, kisha huyaandika. Umeme ukikatika katika dakika hiyo, kilichokuwa njiani hupotea. Hifadhidata inayoandikwa muda wote hulazimika kutunza daftari la kumbukumbu la kila hatua ili iweze kujiponya inapowashwa, na kifaa cha bei nafuu kinachodai kimeandika kabla hakijaandika huweza kuuharibu hata uponyaji huo.

Tovuti tuli kwa muda mwingi husomwa tu. Kompyuta ikizimika ghafla, kurasa hazina jeraha kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiziandika. Hatari hubaki katika ile dakika ya kuchapisha toleo jipya, nayo ina dawa inayojulikana tangu enzi za Unix: ukurasa mpya huandikwa kwa jina la muda, programu huitaka keneli iuthibitishe kwenye diski kwa wito uitwao fsync, kisha jina hubadilishwa kwa wito uitwao rename. Mabadiliko hayo ya jina hayana nusu. Msomaji hupata ukurasa wa zamani mzima au mpya mzima, kamwe si kichwa cha huu na miguu ya ule. Fundi anayeijua dawa hiyo ya hatua tatu ana haki ya kulala umeme unapocheza.

Usalama nao unahusika. Tovuti isiyoendesha programu kwa ajili ya mgeni haina nenosiri la hifadhidata la kuibwa wala programu-jalizi iliyosahauliwa bila kusasishwa. Hata hivyo, seva yenyewe hubaki kuwa programu, na lugha ya C haimlindi mwandishi wake. Inamkubalia kuandika nje ya mipaka ya kumbukumbu aliyotengewa bila kumwonya. Mnyoo wa Morris wa Novemba 1988 uliingia katika kompyuta za Marekani kwa kutumia, pamoja na njia nyingine, kosa la aina hiyo. Kosa la Heartbleed, lililotangazwa Aprili 2014, lilikuwa la kusoma nje ya mipaka, na liliacha siri za seva nyingi duniani wazi. Lugha ya Rust, ambayo toleo lake la kwanza imara lilitoka Mei 2015, ilibuniwa ili kompaila iyakatae makosa mengi kama hayo kabla programu haijaendeshwa. Kwa hiyo seva ya mistari 200 ni nzuri kwa kujifunza; kwa biashara, itumike iliyokwisha kupimwa na wengi.

Mlima ukipimwa upya

Huenda msomaji akauliza: je, mtu aandike kila ukurasa kwa mkono? Ilikuwa hivyo katika miaka ya 1990, baada ya Tim Berners-Lee kuubuni mtandao wa kurasa akiwa CERN, Uswisi. Leo kazi hiyo hufanywa na programu ya kuzalisha tovuti. Mwandishi huandika maneno yake katika faili la kawaida, mara nyingi kwa mtindo wa Markdown uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004. Programu huyavisha kiolezo chenye kichwa, menyu na rangi, na kutoa folda ya kurasa zilizokamilika. Jekyll, ya Tom Preston-Werner, ilitolewa mwaka 2008. Hugo ilifuata mwaka 2013, ikiandikwa kwa lugha ya Go, na husifiwa kwa kuzalisha tovuti kubwa kwa sekunde chache.

Urefu wa Kilimanjaro ni mfano mzuri. Namba rasmi inayotajwa ni mita 5,895, lakini upimaji wa kisasa wa mwaka 1999 ulipata takriban mita 5,892, na ule wa mwaka 2008 ukapata takriban 5,891. Iwapo siku moja mamlaka zitabadilisha namba hiyo, aliyeiandika kwa mkono katika kurasa 80 atakuwa na juma la kazi na makosa. Aliyeiweka mahali pamoja katika faili la taarifa ataibadilisha hapo, ataiendesha programu, na kurasa zote 80 zitazaliwa upya.

Kiswahili, kwa bahati, ni lugha nyepesi kwa kompyuta. Herufi zake zote zimo katika alfabeti ya Kilatini isiyo na alama za juu, hivyo katika mfumo wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, kila herufi huchukua baiti moja tu. Mtego upo katika ile alama ya ng'ombe na ng'ambo. Ikiandikwa kwa alama iliyonyooka ni baiti moja. Programu ya uandishi ikiipinda kwa urembo inakuwa baiti tatu, na kwa macho ya kompyuta ng'ombe huyo si yule. Anayemtafuta hampati. Tovuti za Kiswahili zenye kasoro hiyo ni nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Aidha, tovuti tuli inaweza kuishi bila intaneti kabisa. Programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, hufungasha ensaiklopidia nzima katika faili moja lililobanwa, na maktaba zake za ndani zimeandikwa kwa lugha ya C++ ili zifanye kazi hata katika simu na kompyuta dhaifu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, inapatikana kwa njia hiyo. Shule iliyopo juu ya barabara ya lami, penye mawimbi hafifu, inahitaji kompyuta ndogo na kifaa cha Wi-Fi ili wanafunzi wasome kurasa hizo bila kutumia hata kilobaiti moja ya kifurushi.

Mambo ambayo tovuti tuli haiyawezi yapo. Mtalii anayetaka kujua kama nafasi ya tarehe fulani imebaki, au kulipa amana kwa kadi, anahitaji programu inayofanya kazi wakati huohuo. Mafundi wengi huitenga sehemu hiyo peke yake: fomu ya maombi hupelekwa kwa programu ndogo au kwa huduma ya malipo ya nje, ilhali kurasa za njia, bei na orodha ya nguo hubaki mafaili. Programu hiyo ndogo ikikwama usiku, mteja aliye ng'ambo bado ataisoma bei na kuikuta namba ya simu ya ofisi, na asubuhi atapiga.